Mgeni wa Nani

Hapakuwa na mtu katika ofisi za serikali pale Lodwar asiyejua kwamba Jerotich hajawahi kutia mguu nje ya Kenya, maana Jerotich mwenyewe hakuchoka kulisema. Alikuwa karani wa masjala kwa miaka kumi na tisa. Faili za safari za wakubwa zote zilipitia mikononi mwake: huyu kaenda Arusha, yule Durban, yule mwingine Geneva mara mbili kwa mkutano uleule. Yeye alizitia namba, akazifunga uzi, akazirudisha rafuni. Alijua chakula cha asubuhi cha hoteli za Addis Ababa kuliko hata waliokila, kwa kuwa wao walikula tu, lakini yeye alisoma risiti.

Basi fikiria roho yake ilivyokuwa juu Agosti ile ya mwaka 2013. Serikali za kaunti ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza, hakuna aliyejua nani atabaki na nani atahamishwa, na mkubwa wake alimwambia wazi kwamba siku za likizo asizozitumia sasa asizitafute baadaye. Siku zenyewe zilikuwa ishirini na moja, zikianza Jumatatu. Pasi ya kusafiria ya Afrika Mashariki alikuwa nayo, mpya, ameiviringisha kwenye leso. Na mahali pa kwenda alikwisha kupachagua. Alitaka kwenda Burundi.

Aliyemtia Burundi kichwani ni Hilaire. Huyu alikuwa Mrundi, fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mtu wa maneno matamu na mshono ulionyooka. Kila alipomshonea Jerotich kitenge alimtilia na habari za kwao: milima inayoshuka hadi majini, michikichi kandokando ya barabara, ziwa unaloweza kuchota maji yake ukanywa. Ziwa Turkana liko jirani, najua, lakini maji yake yana magadi na upepo wake hauna adabu. Mtu aliyekula vumbi la Lodwar miaka kumi na tisa haelezwi habari za ziwa la maji baridi kisha akatulia.

Na alitaka kulala katika nyumba ndogo. Ndani ya droo yake ofisini ulikuwepo ukurasa alioukata kutoka jarida lililosahauliwa na mgeni mmoja: nyumba ya wageni ya vyumba vinne, mahali fulani duniani, yenye kibaraza, maua, na kiti kimoja kinachotazama maji. Ukurasa huo ulikaa drooni miaka sita. Hoteli za ghorofa hakuzitaka kabisa. Alikuwa amezisoma zikamtosha.

Kizuizi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na urefu wa futi sita na inchi nne. Kizuizi hicho kiliitwa Kiprop, na alikuwa mume wake.

Kiprop alikuwa ofisa wa mifugo. Miaka yake mingi ya kazi aliimaliza huko Lokitaung na ng'ambo yake, akichanja mbuzi mchana na kulala kwenye maboma ya wafugaji jua likizama. Huko alijifunza jambo moja likamwingia damuni: ukifika bomani, kabla hujakalishwa, unaulizwa wewe ni mgeni wa nani. Ukiwa na jina la kutaja, unapewa maziwa na ngozi ya kulalia. Ukiwa huna, unangoja nje mpaka atokee mtu wa kusema, huyu ni wangu. Kiprop alilizoea hilo kiasi kwamba hata hotelini Nairobi alikuwa hapati usingizi. Alisema ameandikwa kitabuni lakini hakuna aliyemkubali. Zaidi ya hayo, vitanda vya hoteli vilikuwa na ubao miguuni, na ubao huo ulimkata kwenye vifundo.

"Kwenda sikatai," alimwambia mkewe. "Lakini nitafutie mahali ambapo nikifika mlangoni nitasema mimi ni mgeni wa fulani. Na huyo fulani awe ni mtu, si kampuni. Mahali pamoja tu pa kuanzia. Huko kwingine tutaelekezwa."

"Na nisipopata?"

"Lori la Njenga linashuka Kitale Jumamosi asubuhi. Ijumaa jioni napakia waya wa seng'enge, tunaenda Kabarnet tunazungushia shamba ua. Hata hiyo ni likizo."

Waya wenyewe alikuwa amekwisha kuuchagua. Jerotich aliuona kila alipopita dukani kwa Njenga, umewekwa kando ukutani, na kila alipouona alijisikia kuutukana. Tangu wafunge ndoa aliahidiwa safari. Safari ikageuka karo, karo ikageuka bati, bati likageuka ng'ombe. Mwaka huu alijua kabisa kwamba ikigeuka seng'enge haitarudi tena kuwa safari, kwa sababu mwakani huenda yeye mwenyewe asiwe Lodwar.

Akajifunga kibwebwe. Alikwenda kwenye saibakafe nyuma ya soko, akaandika Burundi, mashine ikamletea hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Aliziandikia barua pepe nyumba mbili ndogo za wageni. Moja haikujibu. Ya pili ikajibu kwa Kifaransa, na mwalimu mmoja wa sekondari akamtafsiria kwamba nyumba hiyo siku hizi ni duka la dawa. Jumanne, likizo ikiwa imebakiza siku sita, akampigia Hilaire simu.

"Bon, mama, wewe kuja Ijumaa," Hilaire akasema. "Mimi nitaita watu wenye kujua Burundi. Utakaa, utauliza, watajibu. Hiyo si shida hata kidogo."

Karani ni karani hata likizoni. Usiku haujaingia, Jerotich alikuwa amefungua faili. Jalada la kaki, uzi wa kijani, na juu kwa herufi kubwa, SAFARI: BURUNDI. Ndani alipiga mistari kwa rula akagawanya karatasi safu nne: Mji. Mahali pa kulala. Kitanda. Jina la mwenyeji. Alipomaliza aliitazama kazi yake akatabasamu peke yake, na aliyekuwa amekaa naye mezani, yaani Kiprop, akajifanya kusoma gazeti.

Ijumaa walitoka Lodwar mapema kwa gari la idara, maana Kiprop alikuwa na mbuzi wa kuchanja upande wa Kakuma, na kama mke wake alikaa kiti cha mbele hilo tusiulizane sana. Barabara iliwatikisa mpaka meno. Jerotich hakusikia kitu. Alilipakata faili, na kila daraja la mto mkavu walilovuka alilihesabu kama mpaka wa nchi. Saa nne walifika mjini Kakuma, wakavuka mto Tarach, wakaingia kambini, na Kiprop akamshusha mbele ya kibanda cha Hilaire.

"Saa kumi nakuja kukuchukua," akasema. "Na Njenga ananingoja."

Jerotich alitegemea kukuta watu watatu, wanne hivi, na chai. Alikuta mabenchi. Mabenchi ya kanisa, sita, yamepangwa chini ya kivuli cha miti ya mathenge, na juu yake watu zaidi ya arobaini. Wanaume walikuwa wamevaa makoti kwenye jua lile. Wanawake walikuwa na vitenge vya Jumapili. Karibu kila mtu alishika bahasha ya plastiki yenye karatasi ndani. Mbele yao iliwekwa meza yenye kitambaa cheupe, na kiti kimoja. Hilaire mwenyewe alikuwa amefunga tai.

"Wote hawa, Hilaire?"

"Wote wanajua Burundi, mama. Wengine ni Wakongomani wa Uvira, lakini Uvira na Burundi ni jirani, unavuka tu. Nilisema, mama mmoja wa ofisi ya serikali Lodwar anakuja kuuliza habari ya Burundi. Walikuja wenyewe."

Moyo wa Jerotich ulijaa. Hajawahi kuona watu wakarimu namna hii. Akaketi, akafungua uzi wa faili, akachomoa kalamu. Alipofungua lile jalada la kaki, mabenchi yote yalinyamaza ghafla, hata watoto.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwembamba wa Makamba. Alisimama wima mbele ya meza, akakataa kukaa.

"Mzee, huko kwenu kuna mahali pazuri mtu anaweza kulala?"

Mzee alifikiri sana. "Hapakuwa na mahali pa kulala," akasema. "Tulilala porini siku tisa."

Jerotich alisita, kisha akaandika, kwa kuwa alizoea kuandika anachoambiwa. Kwenye safu ya kitanda akaandika: porini. Akamuuliza jina la mwenyeji. Mzee akataja majina ya watu watatu na tarehe waliyokufa.

Wa pili alikuwa mwanamume aliyesema nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne na bati jipya. Jerotich akachangamka. Alipouliza kama nyumba hiyo bado inapokea watu, yule bwana alimtazama kwa hofu, akasema ina watu ndani, ndiyo, watu walioingia kwa nguvu, na yeye hawezi kurudi kuwatoa, na hati ya shamba hii hapa. Akaitoa kwenye plastiki. Jerotich akaanza kuhisi jasho lisilo la jua.

Wa tatu alikuwa mama kijana aliyembeba mtoto aliyevalishwa soksi nyeupe. Huyu hakungoja swali. Aliinama juu ya meza, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, tuambie ukweli tu. Ni kuturudisha kule, ao ni kutupeleka Amerika?"

Ndipo Jerotich alipoelewa. Mabenchi, makoti, bahasha, tai ya Hilaire. Mtu wa serikali, faili la kaki, maswali: ulitoka wapi, ulilala wapi, nani alikupokea. Katika kambi ile maswali kama hayo huulizwa na mtu wa aina moja tu, yule anayeamua nani arudishwe kwao na nani apelekwe ng'ambo, na maisha ya mtu hugeuka kulingana na anavyoyajibu. Mwaka uliopita watu walisikia kambi ya Warundi kule Tanzania imefungwa. Hawa walikuja wamejiandaa kwa lolote. Yeye alikuja kutafuta kibaraza chenye maua.

Aliona aibu, aibu ya kweli. Akatamani gari la Kiprop litokee saa ileile limchukue. Lakini saa ilikuwa tano tu, na mama kijana bado alikuwa ameinama juu ya meza. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Ndugu zangu, mnisamehe," akasema. "Mimi ni karani. Naweka faili ofisini, basi. Sikutumwa na serikali, sikutumwa na UN. Hakuna mtu anarudishwa, na mimi siwezi peleka mtu Amerika, hata mimi mwenyewe sijawahi enda popote. Nimepata likizo. Natafuta mahali pa kulala huko Burundi, mimi na mzee wangu. Nyumba ndogo, safi, karibu na maji. Ni hiyo tu ilinileta."

Hilaire alitafsiri kwa Kirundi, polepole, huku akiilegeza tai.

Kisha yule mzee wa Makamba akazirudisha karatasi zake kwenye plastiki, moja moja, akaondoka bila kuaga. Wengine sita au saba wakamfuata. Mama kijana akamtazama mtoto wake, akamtazama Jerotich, akasema, "Likizo," na kicheko kikamtoka, si cha dharau, kile kinachomtoka mtu aliyeshusha mzigo mzito. Kicheko kikaambukiza benchi la kwanza, kikafika la pili. Jerotich hakujua acheke au alie, kwa hiyo akaanza kufunga faili.

"Mama, ngoja kwanza. Unataka kitanda cha namna gani?"

Aliyeuliza alikaa mwisho wa benchi la nyuma, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, mikono imekunjwa juu ya bahasha yake. Hilaire alinong'ona kwamba huyo ni Immaculée, wa Uvira, anayeongoza sauti ya tatu katika kwaya.

"Kitanda?" Jerotich akasema. "Kirefu. Kisichokuwa na ubao miguuni."

Immaculée alisimama akaja mbele.

"Miaka kumi na tatu niko hapa," akasema. "Nimehojiwa mara kumi na moya. Kila mara, nani alikufukuza, ulikimbilia wapi, nani alikufa. Hata mtu moya hajaniulizaka kitanda kilikuwa namna gani. Basi leo nitasema." Akaketi kwenye kile kiti, mbele ya ile meza, kama mtu aliyeitwa kweli. "Mi nilitumikaka Rumonge, kwa Mama Spéciose. Miaka ine. Ni nyumba ya wageni ya vyumba vitano, njo inaangalia ziwa. Baraza ya saruji nyekundu, nilikuwa naipaka nta kila Jumamosi mpaka unajiona sura. Mashuka tunaanika kwa majani, yanalala na harufu ya majani. Asubuhi saa kumi na mbili mi napita na beseni ya maji ya moto, naweka kwa kila mulango, nagonga mara mbili, nasema, maji. Mgeni anatoka ananawa, anaona milima ya Congo ng'ambo pale. Kisha ndagala, nyie mnaita dagaa, za kukaanga, moto, na ndizi. Wageni walikuwa wanakuja siku moya, wanakaa juma nzima."

Jerotich alikuwa amesahau kuandika. Ndiyo ile nyumba ya ukurasa wa drooni, sasa ina harufu na ina mtu.

Na hapo ndipo mambo yalipochangamka. Mtu wa Gitega alisimama akasema Rumonge kuna joto, mgeni apelekwe Gitega kwa masista, wana blanketi nzito na mkate wanaooka wenyewe. Mwingine akapinga, akasema masista wanafunga mlango saa mbili, mgeni aende Nyanza ya Burundi, kuna nyumba ya mjane mmoja ambako unasikia viboko wakila majani nyuma ya ua. Mama kijana, aliyetoka Bururi akiwa mdogo, alikumbuka chumba cha juu cha duka la shangazi yake, chenye dirisha la duara. Waliogombana kuhusu Gitega walirudishwa kwenye benchi na Hilaire. Kila mtu aliutetea mji wake kama timu ya mpira, na Jerotich akaandika mpaka kidole kikaingia wino. Karatasi ya kwanza ilijaa, ya pili ikajaa. Chai ikatokea, haijulikani kwa nani.

Ilipofika saa tisa Jerotich akazitazama karatasi zake, na furaha ikapungua kidogo. Safu ya mwisho ilikuwa na majina mengi. Lakini Kiprop alitaka mtu, na mtu wa kweli ni yule aliye hai.

"Immaculée, dada yangu," akauliza kwa upole, "huyo Mama Spéciose, mliongea naye lini?"

"Mwaka wa tisini na tatu," Immaculée akajibu. "Vita ilianza, nikavuka kurudi kwetu. Sijasikia tena."

Miaka ishirini. Kila mtu pale alijua miaka ishirini inaweza kuifanya nini nyumba.

Hilaire ndiye aliyeitoa simu mfukoni. Alikuwa na binamu yake Rumonge, Désiré, muuza ndagala. Akampigia, akaweka sauti kubwa, akaiweka simu katikati ya kitambaa cheupe. Watu wakaacha mabenchi wakaizunguka meza.

Désiré alisema haijui nyumba hiyo, yeye ni mgeni mjini, lakini ana miguu. Aelekezwe tu. Immaculée akaiinamia simu.

"Uko wapi sasa?"

"Sokoni."

"Acha soko nyuma yako. Shuka na njia ya kanisa. Kanisa iko?"

"Iko. Naipita."

"Kuna daraja ya mbao."

"Daraja ni ya saruji," sauti ikasema, ikihema. Immaculée akafumba macho. Alikuwa anatembea naye.

"Baada ya daraja, mashine ya kukamua mawese. Unasikia harufu?"

"Mashine hakuna. Kuna kituo cha mafuta."

Watu wakaguna. Simu ikatoa mlio wa kuonya, salio limekaribia kwisha, na Hilaire akashika kichwa. Yule bwana mwenye hati ya shamba akachomoa simu yake bila neno, akamtumia salio. Mama kijana akamtumia. Wa Gitega akatuma pia, ingawa alisema wazi kwamba kwa masista mtu angekuwa amekwisha kupokelewa.

Katikati ya hayo gari la idara likasimama, na Kiprop akashuka. Alikuta mke wake amezungukwa na umati unaoisikiliza simu kama redio siku ya fainali. Akafungua mdomo, na watu kama kumi wakamwambia nyamaza.

"Shuka zaidi," Immaculée alikuwa anasema. "Mpaka usikie maji. Kushoto kuna ukuta mfupi wa mawe."

"Ukuta ninauona. Nusu umeanguka."

"Mulango ni wa bluu."

Upepo wa ziwa ulisikika ndani ya simu, na Jerotich alijikuta amemshika Kiprop mkono.

"Hapana bluu," Désiré akasema. "Ni wa kijani." Akapumua. "Lakini rangi imebanduka, na chini yake ni bluu. Nagonga."

Alibisha. Kisha kikaja kikohozi, maneno ya Kirundi, na sauti ya mwanamke mzee, kali, ikiuliza ni nani anayemsumbua wakati wa kupumzika.

"Mama," Immaculée akasema kwa Kiswahili, kama walivyozoea zamani. "Ni mi. Ni Immaculée wa Uvira."

"Immaculée alikufa," sauti ikajibu. "Nilimtolea misa."

"Sikukufa, mama. Niko Kenya."

"Watu ni waongo sana siku hizi. Kama ni weye kweli, niambie paka yangu aliitwa nani."

Immaculée akacheka huku machozi yanamshuka. "Hakuwa na jina. Ulikuwa unamwita Toka."

Hapo walioizunguka simu wakasikia kule mbali mtu mzima anavuta kamasi. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imelainika. Alisema vyumba viwili vilichomwa, vimebaki vitatu. Alisema baraza haijapata nta tangu siku hizo, hakuna anayejua kuipaka. Kisha akauliza, "Unakuja lini, mwanangu?"

Immaculée aliitazama ile bahasha yake ya plastiki pale mezani.

"Si mi, mama. Mi bado. Lakini juma lijalo kuna wageni wangu. Bawili, bibi na bwana."

"Wageni wako?"

"Wageni wangu."

Jerotich aliusikia mkono wa Kiprop ukimkaza. Halafu mtu huyu ambaye kutwa nzima alikuwa akiwaza seng'enge akasogea mezani, akainama, urefu wake wote ukakunjika juu ya kitambaa cheupe.

"Mama, shikamoo. Mimi ni Kiprop. Hao wageni ni sisi. Nataka kuuliza kitu kimoja. Nikifika hapo mlangoni, nitasema mimi ni mgeni wa nani?"

"Swali gani hilo?" yule bibi akasema. "Utasema we ni mgeni wa Immaculée. Ukitaja jina lingine sifungui."

"Basi nitakuja."

"Unaonekana mrefu kwa sauti. Nitakuweka chumba cha tatu. Kitanda chake kilikuwa na ubao miguuni, padri mmoja aliuvunja kwa miguu yake, sijautengeneza mpaka leo."

Salio likaisha hapo hapo, lakini hakuna aliyejali. Hilaire aliitupa tai begani akaanza kucheza, mama kijana akapiga vigelegele, na Jerotich, karani wa masjala, mtu wa kuheshimika, akaruka mara mbili palepale akiwa na viatu vyake vya ofisi. Kiprop alikwenda kando akampigia Njenga. Alisema maneno mawili tu, waya ungoje, akakata.

Wakati wa kuondoka Jerotich alikaa tena kwenye kile kiti alifunge faili. Akakuta mstari umejipanga mbele yake. Yule mzee wa Makamba alikuwa amerudi, hana karatasi safari hii.

"Makamba mtapita," akasema. "Mwana wa dada yangu yupo pale karibu na hospitali. Mseme ni wageni wangu. Andika."

Akaandika. Akaandika jina la mwenye hati ya shamba, la mama kijana, na la mtu wa Gitega ambaye alitaka liandikwe kwa herufi kubwa. Kiprop, aliyekuwa na haraka tangu asubuhi, aliwasha gari, akalizima, akaja kukaa kwenye benchi.

Immaculée alikuwa wa mwisho. Hakutaka kuandika kitu, alitaka kuona. Jerotich akamgeuzia karatasi ya kwanza, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu mstari wa Rumonge, ambapo alikuwa amelikata jina la Spéciose na kuandika juu yake lingine.

"Hapa wameandika mi ni nani?" Immaculée akauliza. Kusoma alijua, lakini aliuliza.

Jerotich akarudisha kalamu juu, kwenye kichwa cha safu, akamsomea. "Mwenyeji."

"Soma tena."

"Mwenyeji," karani akasoma, kwa sauti, watu wasikie. "Immaculée."